Zipu Imepanda

Kwa binti yangu uliye mbali,

Sisi wazima, na baba yako sasa ni kocha wa mbio, usicheke. Daktari alisema hampasui mama yako mawe ya nyongo mpaka mwili upungue. Nikasema fundi cherehani nipo, nani anaujua mwili ule kunishinda? Cherehani unaikanyaga kwa nguvu, unailegeza, unaikanyaga tena. Basi nikamkimbiza hivyo hivyo uwanjani: mbio, pole, mbio, pole.

Mama yako mdogo, bonge mwenzake, akanibeza. "Shemeji, huyo si cherehani. Mimi nitatembea taratibu saa nzima, na nitamshinda."

Mizani siiamini. Nikawashonea magauni mawili ya kubana, zipu zinagoma kiunoni; itakayopanda ndiyo itasema nani kapungua.

Jana, baada ya miezi mitatu ya mazoezi, wakavaa. Mwanangu, zipu ya mama yako ilipanda mpaka shingoni, nikapiga vigelegele kama mwanamke. Ya mdogo wake nayo ikapanda, nakwambia kwa kuwa atakwambia mwenyewe. Lakini wangu alikuwa akimaliza mapema, mwenzake bado anazunguka uwanja.

"Mzee, yote mazoezi," mama yako akasema. "Dawa ni kutoka kitandani."

Mshindi habishani.

Daktari kakubali, anampasua Jumatatu. Mama yako anajigeuza tu kwenye kioo. Mimi tangu asubuhi uzi umekataa kuingia kwenye sindano, nasingizia miwani. Njoo, mwanangu. Usimwambie nimekuita, sema umepata likizo.

Ni mimi baba yako, fundi nisiye na mpinzani.