Saa Niliyomshikia Mama

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekwisha, na chumba mnacholala kimepata dirisha linalofunguka. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima wa mwili. Mguu wake hauvimbi tena kwa sababu hashindi amekaa kitako kutwa nzima, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kukuandikia bila kalamu kusita.

Barua yako niliipokea kwa mama mdogo ikiwa imeshafunguliwa. Alisema ilifunguka yenyewe. Kwa hiyo alisoma kabla yangu kwamba umesikia mama ametolewa kiwandani kwa saa iliyoshikwa na mwanawe wa kumzaa, na kwamba hutaki kuamini mpaka usikie kutoka kwangu. Uliandika pia kwamba tangu utotoni mimi ni mtu wa kunyamaza na kukubali kila ninachoambiwa. Hilo liliniuma kuliko la saa. Unanijua, Dada. Kusema na watu uso kwa uso kunanishinda, hata dukani ulikuwa ukienda wewe kwa niaba yangu huku mimi nimesimama nje. Lakini kwenye karatasi naweza. Basi nivumilie niseme yote kwa mpangilio, na nikifika mwisho utaelewa kwa nini nimechelewa kukujibu.

Ni kweli nilishika saa. Nilipomaliza shule, mama ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Alimwendea msimamizi wao, yule wanayemwita Redio kwa sababu hana neno lake mwenyewe, anarusha tu yaliyosemwa makao makuu. Redio aliniita ofisini akaniuliza kama mimi ni mwongeaji. Nilitazama chini, sikujibu. Akacheka, akasema kazi nimepata, maana mpimaji mwenye mdomo hugeuka kuwa wakili wa wale anaowapima. Nikapewa koti la kijivu na saa ya kubonyeza ya kuning'iniza shingoni. Mama alilifua koti lile siku hiyohiyo ingawa lilikuwa jipya.

Wewe unajua kushona kola, lakini hujui kupima anayeshona kola, kwa hiyo nikueleze. Shati tunalolishona ni la kampuni ya ng'ambo, na kampuni hiyo ina viwanda katika nchi nyingine pia. Wakubwa wake hawajawahi kutuona. Wanachokiona ni namba. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mshonaji mmoja, nikibonyeza anapoichukua kola, nikibonyeza tena anapoiweka ikiwa imekamilika, kisha naingiza muda ule kwenye simu ya kampuni. Asubuhi inayofuata, kwenye skrini iliyo mlangoni, mstari wetu wa mashine unaonekana pamoja na mistari ya viwanda vingine, una rangi ya kijani, njano au nyekundu. Rangi ilikuwa inatoka ng'ambo kama hali ya hewa. Watu waliingia wakiitazama hata kabla ya kusalimiana.

Mwanzoni hapakuwa na ubaya. Mshona vifungo, anayekaa nyuma ya mama, alipenda kunitania. Siku moja aliuliza, Mama Kola, huyu mwanao anayekupima kimyakimya hivi, anakukatia gauni au jeneza? Mama hakugeuza hata shingo. Alimjibu kwamba vyovyote vile liwe pana, maana nyonga zake hazijazoea kubanwa. Mstari mzima ulicheka. Tulikuwa bado kijani, Dada, na mimi niliona fahari kusimama nyuma ya mama yangu na kushuhudia jinsi anavyojua kazi.

Kisha ikaja video. Redio alituita kabla mashine hazijawashwa, akaiwasha kwenye skrini ya mlangoni. Ilionyesha mikono tu. Mikono ya mwanamke, katika kiwanda cha nchi nyingine, ikishona kola ileile ya shati lilelile. Hapakuwa na uso wala sauti. Ilimaliza kola kabla mimi sijamaliza kushangaa. Redio akasema kuanzia sasa hicho ndicho kipimo. Makao makuu wamesema linalowezekana kule linawezekana na huku, kwa sababu kitambaa ni kimoja, lebo ni moja, na kila binadamu ana mikono miwili. Kila mshonaji naye atapewa rangi yake, na atakayebaki kwenye nyekundu mpaka msimu uishe ataiacha mashine yake.

Nilipoitazama kwa makini niliona jambo. Kwenye video, uzi ulikuwa unajikata wenyewe, mashine ndiyo inayoukata. Huku kwetu kila mmoja ana mkasi umefungwa kiunoni, anashona, anasimamisha mashine, anashika mkasi, anakata, anauachia. Tena kola za kule zilikuja zimeshapigwa pasi, na za kwetu zinatoka stoo na mikunjo yake, mama anazinyoosha kwa ukucha. Nilikusanya sauti tangu asubuhi mpaka mchana ndipo nikaweza kumwambia Redio. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema fomu ya makao makuu ina nafasi ya kuandika muda, nafasi ya kuandika mkasi haina. Akaongeza kwamba nina jicho zuri na nilielekeze kwenye saa.

Tangu hapo mikono ile ikawa adui. Walimpa mwenye nayo jina, Bibi Umeme. Kila tulipoingia kwenye nyekundu alitukanwa Bibi Umeme. Walisema Bibi Umeme hana mtoto anayeugua, Bibi Umeme haendi haja, Bibi Umeme amezaliwa na cherehani. Mshona vifungo aliapa kwamba siku wakikutana atamshonea vidole vyote kumi pamoja, tuone atakata uzi na nini. Mama peke yake hakucheka. Mama alikwenda kwa Redio akamwomba aiwashe tena ile video. Kesho yake akaomba tena. Redio alifurahi sana, akawaambia wengine waige mfano wa Mama Kola, ambaye pamoja na umri wake bado anataka kujifunza. Wenzake wakaanza kusogeza mabakuli yao pembeni wakati wa chakula.

Baadaye wakakubaliana kupeleka malalamiko makao makuu. Walitaka kusema kwamba video imeharakishwa, na kwamba yule mwanamke apimwe upya, kwa kushtukiza, kutwa nzima, na akionekana alidanganya aadhibiwe. Wakamtaka mama awe mbele, kwa sababu ndiye wa zamani kuliko wote na kazi yake haijawahi kurudishwa. Mama alikataa. Alisema mikono ile haidanganyi. Walipomuuliza amejuaje, akasema anajua ushonaji. Mshona vifungo akamwambia, sisi tunakuomba utusemee, wewe unamtetea mtu usiyemjua hata sura. Mama akainama akaendelea kutunga uzi.

Basi wakasema amenunuliwa kwa koti langu la kijivu. Kuna aliyeumwagia mafuta ya mashine mto wake wa kukalia. Malalamiko hayakwenda kokote, kwa sababu bila mama hakuna aliyethubutu kuanza.

Msimu ulipokaribia mwisho, Redio akanipanga mimi nimpime mama kipimo cha mwisho, ili makao makuu wasiseme kuna upendeleo. Au labda alitaka kuuona huo upendeleo, sijui. Usiku wake sikulala. Nilijiambia nitachelewa kubonyeza mwanzoni na kuwahi mwishoni. Lakini mama alinijua kwa pumzi tu, nikiwa nyuma yake. Aliinama kama anayetafuta sindano, akaniambia kwa sauti ya chini nibonyeze sawasawa. Alisema wakinigundua watachukua na koti, na watu wawili waliokaa nyumbani hawawezi kulishana.

Nikabonyeza sawasawa. Na mama akashona, Dada, sijawahi kumwona akishona vile. Kisha akanyoosha mkono kuufuata mkasi. Hapo ndipo ilipo nyekundu yake yote, katika kuufuata mkasi na kuurudisha.

Alitolewa Ijumaa. Hawakumfokea. Redio alimshukuru mbele ya mstari, akataka watu wapige makofi, wakapiga wachache. Mama mdogo alikuja nyumbani jioni akasema mbele yangu kwamba shule imenikausha macho. Wanawake ninaopishana nao njiani asubuhi huacha kuongea mpaka nipite. Nami bado nalivaa koti, kwa sababu ndilo linalotulisha. Haya yote umeshayasikia kwa midomo ya watu, na kama yangeishia hapa ningekuwa nimekujibu mapema.

Sasa nakuandikia nililokatazwa. Mikono ile ni yako, Dada.

Niliitambua siku ya kwanza. Niliona kidole gumba cha kushoto chenye ukucha uliopinda, na mlango uliokipinda ulifungwa na mimi. Kisha nikaona kiganja kinakipigapiga kitambaa mara mbili kabla ya sindano kushuka, kama mama alivyotufundisha kwenye ile cherehani yetu mbovu. Nilidhani naota. Nikamgeukia mama, nikamkuta mdomo umefunguka kidogo, kama alivyokuwa akitusikiliza tukijifunza kusoma. Ndipo nikakumbuka uliwahi kutuandikia kwamba mtu mwenye kamera aliinamia mashine yako siku moja, ukapewa cheti, ukaambiwa video ni ya kuwafundishia wafanyakazi wageni. Geti la kiwanda chenu lina jina jingine, ndiyo maana hatukujua. Shati ni moja.

Tulipofika nyumbani mama hakuzungumza habari ya kipimo. Alisema umenenepa kwenye vifundo vya mikono, kwa hiyo unakula. Alisema hujaacha kupigapiga kitambaa. Tangu uondoke amekuwa akiisikia sauti yako tu, simu yenu ya huko haionyeshi picha. Ndiyo sababu alikuwa anaomba ile video irudiwe. Redio alidhani anajifunza. Na wenzake walipotaka yule mwanamke apimwe upya na kuadhibiwa, hakuweza kutia mkono wake. Aliniapisha nisikuambie maisha yangu yote, kwa sababu ukijua utaanza kushona kwa hofu, na mwenye hofu hujitoboa.

Sitakuficha, nilianza barua hii jana nikitaka kukulipizia kisasi. Niliandika maneno mabaya kuhusu cheti chako. Ile nimeichana. Wewe hukujua, wala mama hukumkosea. Lakini nimechoka kuwa peke yangu ninayenyooshewa kidole, na wewe ulipokinyoosha chako nikashindwa kuvumilia. Hilo unisamehe au usinisamehe, ni juu yako.

Kuna jambo moja zaidi. Redio anasema video nyingine inakuja kutoka kiwanda hichohicho, ya mfuko wa kifuani. Mtu wa kamera akirudi kwako sijui nikushauri nini. Ukienda polepole watakutoa wewe kama walivyomtoa mama. Ukienda mbio, mshona vifungo amehamishiwa mifuko siku hizi, naye ana watoto wadogo. Nimeliwaza mpaka kichwa kinauma na sijapata jibu. Labda umuulize tu picha zile anazipeleka wapi. Mimi nisingeweza kumuuliza, ila wewe umejaliwa mdomo.

Mama anakusalimia sana. Sasa hivi yuko uani anaanua nguo, anadhani nakuandikia habari za mvua. Mama mdogo naye anakusalimia, na hii hataifungua, nitaipeleka posta mwenyewe. Ukimwandikia mama usimwombe radhi, maana atajua nani kakuambia, na hataniamini tena. Mwandikie mambo ya kawaida, mnapika nini, mnacheka nini mkitoka kazini.

Na umtumie picha. Siku aliyotolewa, alimwomba Redio amwekee ile video kwenye simu yake aondoke nayo, akajibiwa ni mali ya kampuni. Basi nenda kwa mpiga picha, Dada, ukae vizuri, mtumie picha yenye uso.

Ni mimi,
mdogo wako.