Baba, Rashidi na Kipindi cha Saa Kumi

Jumapili, 6 Juni 1999
Misa, ugali, vyombo, kisha kipindi. Ndivyo Jumapili zetu zilivyo tangu tununue televisheni. Watu wanne mezani kule studio Dar, wawili huku, wawili kule. Mtangazaji anauliza habari za wiki, wao wanajibu kwa mzaha. Mume wangu Rashidi hujibu kabla yao. Mimi pia. Baada ya kila swali kuna kimya kidogo, na katika kimya hicho sisi wa mtaa wa Bombambili nasi tuna kiti pale mezani. Hunisisimua kila mara.

Leo Baba alikuwapo. Kafika jana kutoka kijijini Hanga, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Miaka sita hajakanyaga hapa, tangu niolewe na mwalimu Mwislamu wa Tanga. Kama si hospitali asingekuja. Kaketi kaipa televisheni kisogo.

Jumanne, 8 Juni
Rashidi anasema, "Shikamoo, Baba." Baba anakohoa. Asubuhi, mchana, jioni. Naona aibu. Rashidi anamchemshia maji ya kuoga, baridi ya mwezi huu ni kali.

Jumapili, 13 Juni
Swali la leo: kiwanda kimebinafsishwa, mnunuzi kafungua mlango, kakuta nini ndani?

Rashidi akadakia, "Kakuta kikao bado kinaendelea!"

Kutoka kwenye kiti cha Baba, kwa sauti ya chini: "Na wanasubiri chai."

Nikadhani nimesikia vibaya. Rashidi alinitazama, akamtazama Baba, kisha akateleza kutoka kwenye kochi hadi sakafuni kwa kicheko. Wale wa Dar walijibu popo. Popo tu! Baba kawashinda, naye haoni hata sura zao.

Miaka thelathini na mitatu nimekuwa binti yake. Sikujua kuwa ni mcheshi. Nani mwingine anajua? Marehemu Mama alijua?

Baadaye akarudi kwenye kukohoa.

Jumatano, 16 Juni
Daktari kasema upasuaji ni Jumatatu. Baba kakataa. "Nimeshaona ya kutosha." Anataka basi la kurudi Hanga. Nimelia jikoni. Nimemkasirikia pia. Atakuwa kipofu kwa ubishi.

Jumapili, 20 Juni
Saa kumi kasorobo umeme ukakatika. Mama Ngonyani wa jirani alikuwa ameshakuja na karanga zake. Tukakaa tukitazama kioo cheusi. Nikaona ndiyo basi, kesho atapanda basi.

Baba akasema, "Mwalimu. Uliza wewe."

Mwalimu! Kamwita mwalimu!

Rashidi akasimama, akakohoa kama mtangazaji. Mama Ngonyani na mimi upande mmoja, Baba peke yake upande wa pili. Akauliza la bei ya sukari, akauliza la mitumba. Baba alitutandika yote. Mama Ngonyani alifuta machozi kwa khanga.

Kisha Rashidi akauliza, taratibu, "Mzee mmoja wa Hanga kakataa kupasuliwa macho. Kwa nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Ngonyani akaacha kutafuna. Kile kimya cha baada ya swali kikaja, kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusikia.

Baba akasema, "Anaogopa. Wakimfungua kitambaa atamwona mkwe wake, na huenda si mbaya kama alivyomsema mbele ya kijiji kizima."

Hakuna aliyecheka. Rashidi alikaa chini. Niliogopa hata kupumua, kama vile niko kanisani padri anapoinua Ekaristi na kengele inalia.

Jumatatu, 21 Juni
Tumetoka asubuhi kwenda hospitali, ukungu umeifunika milima yote ya Matogoro. Baba kaweka mkono begani kwa Rashidi ili asijikwae. Hawakuzungumza mengi. Mimi nilifuata nyuma na blanketi. Saa tatu wakamwingiza chumba cha upasuaji. Tunasubiri kwenye benchi.