Hakuna Kituo Kilichojibu

Shively, Louisville
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Mariya,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, wewe na shemeji Reginaldi na watoto wote hapo Buffalo. Habari za baridi? Nasikia ziwa limeanza kuwamwagia theluji mapema mwaka huu, na kwamba barabara za East Side zilikuwa hazipitiki juzi. Na magoti yako je? Nakuomba usikubali kuwainua wale wazee wa kazini peke yako. Mwite mwenzako mshikane. Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Cubaka bado yuko ghalani kule Okolona, siku hizi wamempa zamu ya asubuhi, kwa hiyo tunakula pamoja jioni kama watu. Gloire amerefuka kunipita na ananijibu Kiingereza hata nikimwuliza kama ameshiba.

Umenipigia simu mara nyingi na sikupokea. Usifikiri ni kazi nyingi. Nimeshindwa tu kuisikia sauti yako ikinishukuru. Ndiyo maana nimechukua karatasi, kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani, kwa sababu karatasi hainikatizi wala hainiiti malaika.

Wacha nianzie nyuma kidogo. Unajua kwamba mwaka jana nilijiunga na lile kundi la watu wa kujitolea wenye ndege ndogo, wanaotafuta ndege zilizoanguka na watu waliopotea. Uliniuliza wakati ule mimi na ndege wapi na wapi. Bon, ukweli ni kwamba nilichoka kuwa mdomo wa watu. Kliniki wananiita nitafsiri, shuleni wananiita, ghalani msimamizi akigombana na mtu wetu, Ingabire anaitwa. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo ningefanya kazi yangu mwenyewe. Nikasikia wanahitaji watu wa redio, wale wanaokaa kituoni na kupokea habari kutoka kwa rubani na kuzipeleka kwa walioko chini. Nikajiandikisha.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Mkufunzi wetu, Bi Doreen, mama mzee aliyewahi kuwa rubani, alitufundisha vizuri, lakini siku ya kwanza ya kuzungumza hewani kila kituo kiliniambia nirudie. Nikarudia. Wakaniambia nirudie tena. Mwisho mwanamume mmoja, sijui alikuwa wapi, akasema waweke mtu anayejua Kiingereza. Wote darasani walisikia. Bi Doreen alimkaripia palepale, lakini mimi nilikuwa tayari nimeshusha macho.

Nilipofika nyumbani Cubaka aliniambia niache, kwani nani amenilazimisha. Sikuacha. Kila siku kabla ya kazi nilikaa ndani ya gari nikisoma zile herufi zao, maana hewani kila herufi ina neno lake ili isipotee: Alfa, Bravo, Charli, hadi Zulu. Gloire alinisikiliza akacheka, akasema, “Mama, si ‘tri’, ni ‘thrii’.” Nikamwuliza Bi Doreen, naye akasema kwamba hewani tatu hutamkwa “tri” hasa, kwa sababu husikika vizuri zaidi. Dada, nilifurahi kama mtoto! Tangu nifike nchi hii, hiyo ilikuwa mara ya kwanza ulimi wangu kuwa sahihi na wa binti yangu kukosea.

Nikafaulu mtihani. Na hewani hakuna anayetumia jina lake. Kila kituo na kila ndege ina jina la hewani, na mimi walinipa kituo kinachoitwa Kadinali Tatu. Siwezi kukueleza jinsi nilivyolipenda jina hilo. Hakuna aliyeniuliza linaandikwaje, wala lina maana gani, wala nimelitoa wapi.

Ndipo wakatupeleka Columbus kwa mazoezi ya pamoja na wenzetu wa Ohio. Asubuhi ile niliongoza redio, na kila kitu kilikwenda sawa. Wakati wa kahawa bwana mmoja wa huko aliingia chumbani akimtafuta Kadinali Tatu. Alipoonyeshwa mimi alishangaa, akasema kwa sauti aliyoisikia alidhani ni msichana wa Indiana. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia Louisville. Akauliza, na kabla ya hapo? Nikamwambia Louisville tu.

Yaliyofuata unayajua kama yanavyosimuliwa kanisani. Mchana, mvua ikiwa inanyesha, polisi waliomba msaada wetu, na mazoezi yakageuka kazi ya kweli. Cyubahiro, mdogo wako, alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku, na Baba yenu akafungua mlango akaondoka. Mtu fulani alimpa lifti, akashuka mbali, kule mji unakoishia na mashamba ya mahindi yanaanza. Ndege yetu ikamwona. Vijana wetu wa chini walipomkaribia, aliona magwanda yao, akasikia ile ndege juu, na akili yake ikarudi kule tulikotoka. Akakimbia. Akateleza ukingoni akaingia kwenye kijito, maji yakamfika kifuani, na kila aliyemsogelea alimtupia mawe.

Hapo ndipo polisi, baada ya Cyubahiro kuamka na kuwapigia simu, walipotuma jina lake, herufi moja moja. Niliandika bila kufikiri, kama nilivyozoeshwa: Maiki, Yunifom, Tango, Wiski, Alfa, Romeo, Eko. Nikaangalia nilichoandika. Mutware.

Nilisimama hata vile vya masikioni vikanitoka. Nikamwambia kamanda namjua mtu huyu, vijana wa chini wanyanyue redio yao juu waniongezee sauti. Nikasema kwa lugha yetu ya nyumbani, “Baba Mutware, simama hapo ulipo. Ni Ingabire, binti wa Adriano, majirani zenu wa Uvira. Hao si askari wa vita. Wamekuja kukurudisha kwa Cyubahiro.”

Nikaachia kitufe cha redio. Halafu nikamsikia. Wewe unakumbuka kwamba Baba ndiye aliyekuwa anashika fonie ya misheni, ile redio tuliyopanga mstari kusalimiana na watu wa milimani. Basi alinijibu vilevile, kwa utaratibu uleule, akitetemeka ndani ya maji: “Nakupata, Ingabire, nakupata vizuri. Uko kituo gani?” Nikamwambia niko karibu. Akasema niwaambie waondoe ile ndege, inatisha watoto. Ndege ikaondoka, naye akakubali kushikwa mkono.

Hayo ndiyo mliyosimulia kanisani, siku ya ibada ya shukrani. Ulisafiri kutoka Buffalo kwenye barafu, ukanikumbatia mbele ya watu wote, ukasema Mungu ndiye aliyeniweka kwenye ile redio. Mama wachungaji wakanifunga kitenge. Nami nikasimama pale nikafungwa.

Sasa nisome polepole, dada, kwa sababu hapa sitarudia.

Kabla jina halijaja, kabla Baba hajaingia majini, alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao kando ya shamba. Rubani alituambia hivyo. Alikuwa mahali pakavu, ametulia. Alikuwa amewakimbia vijana wetu mara moja, wakasimama, naye akatulia. Polisi walikuwa wametuambia tu, kwa maelezo ya yule aliyempa lifti, kwamba ni mzee Mwafrika mwenye koti la kijivu, kumbukumbu zake si nzuri, na anasema Kiswahili. Kamanda akaniagiza niulize vituo vyote kama kuna mtu yeyote anayejua Kiswahili.

Nikauliza. Kwa ile sauti ya msichana wa Indiana nikauliza vituo vyote, vya hewani na vya chini: kuna yeyote anayesema Kiswahili, ajibu. Nikasubiri, mkono juu ya redio, kama mtu anayesubiri kweli. Nikarudia. Kisha nikageuka nikamwambia kamanda, “Hakuna kituo kilichojibu.”

Kamanda akaenda kumtafuta mkalimani wa simu. Wakati akingoja kuunganishwa, rubani alishuka kidogo asimpoteze mzee kwenye mvua. Ndipo Baba alipokimbia mara ya pili, kuelekea kijito.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe hadi Cubaka akadhani ninaumwa. Yule bwana wa kahawa alikuwa amesimama mlangoni. Nilijua nikifungua mdomo kwa Kiswahili, Kadinali Tatu atakufa pale, na watu wataanza kuniuliza nilikaa kambi gani na niliona nini vitani. Nilitaka siku ile iishe bila hayo. Donc, ni hilo tu. Sina sababu kubwa zaidi, na ningependa ningekuwa nayo.

Nilijua pia kwamba Baba anaishi Columbus. Sura yake ilinijia, nikaifukuza, nikajiambia wazee wetu kule ni wengi. Na hili ndilo linaloniamsha usingizini: niliposoma jina niliruka kwa sababu ni Baba yako. Angekuwa baba wa mtu mwingine, sijui kama ningesimama. Nimejaribu kujidanganya kwamba ningesimama, nimeshindwa.

Daktari alikwambia nyonga ilivunjika ukingoni na kifua kiliharibiwa na yale maji. Ulipolia kwamba hatatembea tena bila kushikwa, nilikupangusa machozi kwa mkono huu huu.

Jana nilikwenda kwa Bi Doreen nikamweleza yote. Hakunipigia kelele. Aliniambia atazungumza na wakubwa, na kwamba kwa sasa nisiguse redio. Nilipofika mlangoni akaniambia kwamba kama ningesema lugha zangu siku ya kwanza, angenipenda zaidi, si kidogo. Ningependelea kelele.

Cyubahiro ananiambia kwamba Baba ananiombea kila jioni kwa jina, hata siku ambazo jina lake mwenyewe limempotea. Siwezi kumwacha aendelee kuliombea jina langu bila kujua. Jumamosi hii nitapanda basi kwenda Columbus, nikae kando ya kitanda chake nimwambie, kwa lugha yetu, hata kama hatashika neno. Lakini nimeona wewe ndiye wa kujua kwanza, kwa sababu mlango ule ni wenu. Ukitaka nisiingie, mwambie Cyubahiro. Nikifika atanirudisha, nami nitarudi bila kusema kitu. Na kile kitenge nimekikunja, nitamwachia Cyubahiro awarudishie mama wa kanisa.

Sikuombi unijibu. Nisalimie Reginaldi, na watoto uwabusu, usiwaambie bado. Walinichora nikiwa na mabawa. Nisalimie pia mama Immaculée na wote wa kwaya. Mungu akulindie magoti na safari zako kwenye theluji.

Nilizoea kumalizia kwa kuandika mdogo wako. Leo naandika jina tu, wewe utaongeza mwenyewe ukipenda.

Ingabire