Kwa Nini Sikumsubiri Mjomba wa Monika

Milimani Uluguru,
masika yamekwisha, baridi imeingia

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe Felisia, mdogo wangu, unayemsomea mama karatasi hii, usiyakimbize maneno kama ulivyozoea. Soma polepole, na ukifika pagumu usiruke. Nimeamua kusema yote, na Mama ayasikie yote.

Mama, goti lako la kushoto linaendeleaje? Bado linatabiri mvua kuliko mawingu? Na lile paa la jikoni, je, limeezekwa, au mnapikia chini ya mwavuli? Mimi ni mzima wa mwili. Mume wangu Damiani naye mzima, ila baridi ya huku imempa kikohozi, na mtu anayepuliza tarumbeta akikohoa, kijiji kizima hujua. Moyo wangu ndio mgonjwa, na ndiyo sababu umekaa muda mrefu bila barua yangu.

Mara ya mwisho nilikuandikia kwa majivuno juu ya madarasa yetu ya mchana. Asubuhi watoto husoma na kuhesabu kama shule zote, kisha baada ya kula wanaotaka hubaki. Damiani hufundisha wavulana tarumbeta na ngoma za bendi, fundi wa misheni hufundisha useremala, na mimi huwafundisha wasichana sindano na nyimbo za kanisani. Mwanzoni wazazi walinuna, maana saa hizo ndizo za kulinda mashamba. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, nyimbo zenu nzuri, lakini nyani hajui kwamba ni saa ya kuimba." Tukapatana kwamba mahindi yakianza kukomaa, darasa lisimame mpaka yavunwe. Baada ya hapo walitupenda. Nikajiona mwalimu kweli.

Katika darasa langu alikuwamo msichana mmoja, Monika, wa miaka kama kumi na miwili, mwembamba, anayecheka huku ameziba mdomo. Alishona kwa mkono wa kushoto. Wengine waliniambia nimgeuze, nikakataa, kwa sababu wewe pia ni wa shoto na sijaona nguo uliyoiharibu. Akikunja pindo la amerikani, usingeona sindano ilipopita. Nilimpenda, Mama. Sina mtoto bado, nawe wajua, basi nilimpenda kwa pupa.

Masika yalipokaribia zikaja habari kutoka mjini Morogoro kwamba masista wa kule wameletewa cherehani kwa gari la moshi. Kila shule ya mlimani ipeleke msichana mmoja, akae kwao miezi mitatu, ajifunze, kisha arudi kuwafundisha wenzake. Sikuhitaji kufikiri nani ataenda. Nilipowaambia darasani, Monika aliweka kitambaa chini.

"Mwalimu, hicho chuma kinashona chenyewe?"

"Kina gurudumu. Unalizungusha kwa mkono."

"Mkono gani?"

Nikamwambia hata wa shoto unaweza, nikisema nisilolijua. Akacheka akaziba mdomo.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwao. Unanijua, kwangu mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto. Baba yake alifurahi mpaka akapiga makofi. Akanijazia kikapu njegere, akasema mtoto wake atakuwa fundi na watu watapanda mlima kuja kushonesha. Mama yake alikuwa akipukuchua maharage. Hakuinua uso. Akasema, "Mwalimu, msubiri kaka yangu. Yuko kwenye kazi ya reli ya Wadachi, huko upande wa Kilosa. Mwezi ukiandama atakuwa hapa."

Nikacheka, Mama. Nikasema, "Baba mtu amekwisha kubali, dada yangu. Kaka wa nini tena?"

Akaendelea kupukuchua. Baba mtu naye akatazama miguu yake. Niliona, nikajifanya sikuona.

Sasa nikueleze jambo la watu wa huku. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, wenyewe huuita lukolo. Baba humlea, humlisha na kumpenda, lakini wa kusema aende au asiende ni mjomba. Mtu asiyemuuliza mjomba ni kama hakuuliza kabisa. Mimi nimekaa hapa miaka miwili na nilikuwa nimelisikia, kama mtu anavyosikia kwamba watu fulani hawali kambale. Sikuona linanihusu. Masista walitaka wasichana wafike kabla mvua kubwa hazijafunga njia, na mimi niliogopa shule nyingine isije ikatangulia ikachukua nafasi. Basi sikusubiri mwezi uandame.

Tulishuka asubuhi, mimi na yeye. Alibeba sindano yake ameichomeka katika kipande cha nguo, eti kama cherehani ikiharibika. Tulipofika Bigwa, mlima unapoishia, akavua shuka alilojifunga mabegani, akasema, "Mwalimu, huku jua liko karibu." Mjini gari la moshi likapiga mbinja, akanishika mkono kwa nguvu, kisha akaona haya akauachia. Nikamkabidhi kwa masista, nikapanda mlima nikiimba njia nzima.

Masika yalikuwa yamekolea habari ziliponifikia kwamba ana homa. Nilishuka na Damiani. Mto ulikuwa umejaa, tukangoja siku nzima ng'ambo hii maji yapungue. Tulipofika alikuwa amepewa kwinini na kila kitu walichokuwa nacho. Masista hawakulala kwa ajili yake, sitamlaumu yeyote. Alinijua. Hakuweza kuinua kichwa, lakini aliinua mkono wa kushoto, akauzungusha hewani, polepole, mara mbili tatu.

"Nimeshajua, Mwalimu," akasema.

Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri. Kwa mvua ile hapakuwa na njia ya kumpandisha mlimani, tukamzika kule kule chini. Mama yake hakumwona. Nilipomwambia hakupiga kelele. Aliniambia nikae, akanipa maji ya kunywa kwa kuwa nilikuwa nimetembea. Mama, nilikunywa maji yale, na sijui nilipata wapi koo la kuyamezea.

Mjomba mwenyewe alirudi siku chache baadaye, mvua zilikuwa zimemchelewesha njiani. Ni mtu mfupi, mikono imejaa makovu ya chuma. Hakwenda kwa padri wala kwa baba mtu. Alikuja darasani kwangu, saa ya mchana, wasichana wakiwa wanashona, akaketi kwenye benchi la watoto. Nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndimi."

"Uliambiwa unisubiri?"

"Niliambiwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kipigo. Yeye akaanza kusema taratibu, kama mtu anayeeleza njia.

"Mimi niko kwenye reli mwaka wa pili. Watu wa milimani nimewazika kwa mikono hii. Mtu wa juu akishuka wakati wa masika, homa ya kule chini hummaliza. Kiangazi ni afadhali, mwili unapata kuzoea. Ungeningoja ningekuambia neno hilo tu. Mvua zikiisha ningemshusha mwenyewe."

"Ungekubali aende?"

"Ningekataaje? Cherehani nimeiona mjini, dukani kwa Mhindi. Nilisimama nikaitazama mpaka akanifukuza. Nilikuwa narudi nije kumhadithia."

Mama, tangu siku ile neno hilo haliniachi. Nilimwogopa mtu huyu bila kumjua. Nilidhani mjomba ni mlango wa kufungiwa, kumbe ndiye pekee aliyejua hatari iko wapi. Umenifundisha tangu utoto kwamba haraka haraka haina baraka, nami nikakujibu kwamba huko kwetu Bagamoyo kungekuwa na baraka nyingi basi, maana hakuna anayeharakisha. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuja, na mwenyeji hakupona.

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akaniambia nisimame. "Kwetu mtu akikosa hatumshiki yeye," akasema. "Tunakwenda kwa mjomba wake, tunakaa, tunayasema mpaka yaishe. Mjomba wako nani? Hata akiwa pwani nitakwenda."

Nikafungua kinywa, Mama, na hapakuwa na jina.

"Sina," nikasema.

"Amekufa?"

"Sijui. Mama yangu alichukuliwa akiwa mtoto, huko mbali bara, akauzwa. Misheni ilimkomboa pwani. Hatujui nani alibaki."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Wasichana walikuwa wameacha kushona. Mwisho akainuka. "Basi hakuna pa kulipeleka," akasema. Na kabla hajatoka akaniambia, "Pole, mwanangu." Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Kisha akawaita watoto wa ukoo wake kwa majina. Walikunja vitambaa vyao vizuri, kama nilivyowafundisha, wakaviweka mezani wakamfuata. Zaidi ya nusu ya darasa ilitoka. Hawajarudi. Waliobaki tunashona, lakini kuimba hatuwezi, sauti ya juu ilikuwa ya Monika na binamu zake. Damiani anapuliza tarumbeta yake taratibu siku hizi, hata kikohozi anakizuia. Mama yake Monika hupita hapa akienda mtoni na kila siku hunisalimia. Ningependa siku moja apite kimya.

Mama, nisalimie shangazi Atanasia, jirani, na umwambie dawa yake ya kifua nimempa Damiani. Msalimie bibi Kesia aliyetulea ulipokuwa shambani. Msalimie sana mzee Bonifasi, baba yangu wa ubatizo, aliyepokea posa yangu kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuipokea. Zamani nilikuwa nikiandika salamu hizi nikijiona nina jamaa wengi. Leo ninapoyaandika majina naona hakuna hata mmoja tuliyezaliwa naye. Mlipeana undugu pale misheni, na mliupeana vizuri, sikuwahi kuona pengo lolote. Ndiyo maana sikujua mjomba ni wa nini.

Sasa nina ombi, nalo ni zito. Felisia, usiruke. Nilipokuwa mdogo siku moja ulikuwa unatwanga, ukataja jina. Nikakuuliza ni nani, ukaniambia nikalete maji. Nilipoleta maji ulikuwa umefuta uso. Mama, yule alikuwa kaka yako?

Kama alikuwa kaka yako, niandikie jina lake. Hata likiwa la utoto, hata likiwa nusu. Sitaki kumtafuta, najua hatapatikana. Nataka kwenda kwa mjomba wa Monika, nikae chini mbele ya watu wake, nimtajie jina, nimwambie huyu ndiye mjomba wangu, kosa langu lishtakiwe kwake. Amenisamehe kwa sababu sina mtu, na msamaha wa namna hiyo siuwezi.

Mimi mwanao mkubwa,
Magdalena