Maji Imepoa ku Kabuta

Kabuta, tarehe 4 Juni 2025

Yaya Brigitte,

Kuna neno sijamwambia mutu, hata padiri: ile maji ya moto yetu yenye inatoka mu mawe, ni miye niliiua.

Bon, nikusalimie kwanza. Uko muzima? Tumbo ya myezi nane inakuacha ulale? Siye tuko, tumechoka tu. Naandika mu karatasi juu simu ya nyumba kila mutu anasoma.

Unakumbuka kompani yenye ilikuja kutoboa udongo, ivute moto ya chini itengeneze umeme? Bazungu baliita mukutano pale ku maji. Miye njo baliniweka mutafsiri, juu ya Kizungu ya masomo. Bakauliza maji inatusaidia nini. Kambo, bibi yetu, akasimama: "Mwambie, huku njo tunakandaka bamama benye bamezaa. Mama anaikala mu maji asubui na mangaribi, mupaka damu inakauka." Baba alikuwa pale, na baboyi ba klasi yetu, Ackson anacheka tayari. Yaya, haya ilinikamata. Nikasema mu Kizungu: "Banafulaka manguo."

Muzungu akaandika. Akasema manguo inaweza kufuliwa hata mu ziwa.

"Amesemaje?" Kambo akauliza.

"Amesema aksanti."

Balitoboa. Sasa ukiingiza mukono, maji ni baridi. Kambo anasema ni Febby, yule jirani, aliichafua, juu aliingia bila kuomba bakubwa. Bamama habamusalimie tena, na eko na mutoto wa wiki mbili.

Mudogo wako,
Keren

Mununga, tarehe 19 Juni

Mudogo wangu,

Barua imefika na mutu wa baiskeli, inanuka chisense, tule tusamaki twa ziwa, mupaka leo. Huku miguu imevimba, lakini tuko. Habari ya Kambo na mugongo yake?

Nilicheka kwanza. Weye mwenye hausemake hata "karibu" kwa mugeni, banakupatia mudomo ya kijiji nzima! Kisha nikalia. Nilikuwa ninakuja kuzalia kwetu juu ya ile maji. Bon, nitakandwa na ya sufuria. Lakini Febby usimubebeshe muzigo yako. Kambo anajua kugombana, anajua pia kusikia. Sikukasirikie. Nimechoka tu.

Yaya yako,
Brigitte

Kabuta, tarehe 17 Julai

Yaya,

Umezaa? Maziwa inatoka? Hakuna mutu analeta habari, na miye naogopa kuuliza.

Wiki ine nimeshindwa kumwambia Kambo. Kambo akisema amechoka, nafurahi juu amechoka. Jana Febby alikuja kuomba kuni ya kuchemshia maji. Kambo akamwambia, "Enda uombe kwa ile maji uliharibu." Nilikuwa nachambua majani ya kalembula, sikuinua kichwa.

Kesho bazungu banarudi juu ya shimo ya pili. Nyuma ya mawe kamebakia kajicho ka maji kamoja kenye moto, njo pale banataka. Nimeandika yote mu Kizungu: damu, tumbo, maziwa. Nimeandika na "nilidanganya." Nitabasomea. Lakini Kambo anapashwa kusikia wa kwanza.

Nasikia malapa yake ku baraza. Kitenge iko pembeni, ningeweza kufunika karatasi. Sifunike.

"Keren, unamwandikia nani na uso kama hiyo?"

Yaya, ngoja. Namujibu kwanza.