Kwa Baba, Aliyenifundisha Kubatiza Gunzi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini ndivyo ulivyonilea, mdomo unaanza wenyewe. Nakuandikia nikiwa kitandani, saa nane mchana, Jumapili, nimejifunika lile blanketi lako la kijivu hadi kifuani. Siumwi. Kitongoji kizima kinajua nina homa kali, na wanaojua kwamba sina ni wawili tu, mimi na mama. Sasa na wewe.

Wiki ijayo nateremka Bigwa, mjini Morogoro, nalala kwa shangazi, asubuhi yake napanda basi la Mbeya. Nimepata chuo, Baba. Nakwenda kusomea upimaji wa ardhi. Mjomba alitaka niende chuo cha ualimu cha masista, hapo hapo Morogoro, ili kila Jumapili niwe napanda mlima kuja kusalisha. Unatujua Waluguru, mjomba akishasema, baba na mama wanabaki kuitikia. Nikamwambia nimekosa nafasi. Sikukosa, sikuomba. Mbeya niliichagua kwa sababu ni mbali, na kwa sababu huko hakuna anayejua kwamba mimi ni mtoto wa Mwalimu.

Maana bado wanakuita hivyo. Hujawahi kushika chaki darasani, lakini katekista huku juu ni Mwalimu mpaka kaburini, na mimi ni mtoto wa Mwalimu hata nikiwa na mvi.

Nakumbuka tulivyokuwa tukienda vigangoni, kwenye makanisa madogo ya mlimani. Nilikuwa na miaka saba, labda nane, nimebeba mkoba wa vitabu, na wewe umebeba viatu vyako mkononi. Watu wakikukuta njiani wanakutania, "Mwalimu, viatu vinakuvaa au unavivaa?" Unawajibu kwamba viatu ni vya Mungu, miguu ni ya njia. Tukifika kwenye kijito cha mwisho kabla ya kanisa, unanawa miguu, unaikausha kwa leso, unavaa viatu, unakohoa mara moja. Hapo sauti inabadilika, unakuwa mtu mwingine. Nilikuwa nasubiri kile kikohozi kama wenzangu wanavyosubiri Krismasi. Nilikuwa naamini kila kitu, Baba. Nataka ujue hilo. Sikuwa mnafiki tangu mwanzo.

Na ile siku ya gunzi? Uliwakusanya akina mama uwafundishe ubatizo wa dharura, kwa kuwa padre huja huku mara moja kwa miezi mitatu na watoto hawazaliwi kwa ratiba yake. Ukachukua gunzi la mahindi, ukalivika kitambaa, ukawa unalimwagia maji kwa kikombe huku ukitamka maneno polepole. Mimi na Beata, binti wa mjomba, tulikuwa tumekaa mlangoni. Nikakuuliza, "Baba, sasa hilo gunzi ni Mkristo?"

"Gunzi halina roho."

"Basi tukawashie moto?"

Ukaliangalia. Akina mama wakaanza kucheka. Ukalitia mfukoni mwa koti, ukasema, "Hili niachieni mimi." Mpaka leo sijui ulilipeleka wapi.

Lakini lililonikaa ni jambo jingine. Ulisema mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Hata asiyebatizwa yeye mwenyewe, hata asiyeamini chochote, alimradi awe na maji, awe na maneno, na awe anataka kwa dhati kufanya lile linalofanywa na Kanisa. Mama mmoja akauliza, "Hata Mwislamu, Mwalimu?" Ukamjibu, "Hata Mwislamu. Hata wewe uliyekosa sala za jumuiya wiki tatu." Weee! Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nawaza juu ya yule asiyeamini chochote. Nilijiuliza ni mtu wa namna gani, na anaishi wapi.

Anaishi humu, Baba. Amelala kwenye blanketi lako.

Sikumkasirikia Mungu kwa kukuchukua. Ingekuwa hivyo ningekuwa na la kusema. Imani iliondoka kabla hujaugua, nikiwa kidato cha tano, bila ugomvi. Asubuhi moja kwenye sala za bweni nikagundua nasema maneno matupu, nikatafuta yule niliyekuwa nasema naye, sikumwona, na sikushtuka. Nikaenda kunywa uji. Nilidhani itarudi. Miezi miwili baadaye wakaniita ofisini, wakaniambia nirudi nyumbani, baba amefariki. Nilisimama kaburini na vijana waliokubeba wanalia, mama analia, mjomba analia, na mimi naangalia udongo jinsi ulivyokuwa mwekundu juu na mweusi chini. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii.

Nilipomaliza kidato cha sita wazee wakaja nyumbani. Wakasema katekista mpya hajapatikana, na mzee anayesoma masomo haoni vizuri, Jumapili iliyopita alisoma ukurasa mmoja mara mbili. Wakaomba nisalishe mimi mpaka nitakapokwenda chuo. Mama alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu ufariki. Nikasema sawa. Mjomba akajipiga mapaja kwa furaha, "Kimya kingi kina mshindo mkuu! Huyu alikuwa ananyamaza kumbe anaiva." Loo, mjomba na methali zake.

Kwa hiyo nimekuwa nikisimama mahali pako kila Jumapili. Nasoma vizuri, wanasema nina sauti yako. Nakohoa hata. Halafu ninarudi nyumbani, ninamenya viazi.

Mwishoni mwa mvua, Stela wa nyumba ya jirani akajifungua kabla ya siku zake. Njia ya kuteremkia hospitali ilikuwa imemeguka na wanaume walikuwa wanakata miti wapitishe machela. Wakaja kuniita mimi. Si mkunga, maana mkunga alikuwa ameshafika. Waliniita mimi, mtoto wa Mwalimu, nije na maji. Nilimkuta mtoto mdogo kama kiganja na nusu, rangi yake si rangi, halii. Stela aliniangalia tu. Nikammwagia maji ya vuguvugu, kwa sababu nilihofia baridi ingemmaliza, nikasema, "Klementina, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina lako, Baba, Klemensi, walishalichagua. Nilitaka kufanya linalofanywa na Kanisa? Nilitaka Stela apate alichokitaka. Niliona hiyo inatosha. Sikuhisi kitu, ila kwamba kikombe kilikuwa na ufa.

Mtoto akapona. Mkunga alimkumbatisha mama yake kifuani, ngozi kwa ngozi, wakafungwa kanga pamoja, wakateremshwa hivyo hivyo hadi hospitali, wakakaa huko wiki sita. Lakini huku juu habari ikawa nyingine kabisa. Ikawa ni maji yangu. Wengine wanasema ulikuwa umesimama nyuma yangu.

Ndipo Stela akaja, mwezi uliopita, kaleta na jogoo. Padre anakuja kukamilisha ubatizo, mafuta, nguo nyeupe, mshumaa. Anataka niwe mama wa ubatizo. "Nani mwingine?" akasema. Na mama akaitikia kabla yangu, akaanza siku hiyo hiyo kutafuta kitenge cha sare.

Hapo ndipo nilipokwama. Kubatiza ulinifundisha mwenyewe, asiyeamini anaweza, nilikuwa salama ndani ya sheria yako. Lakini mama wa ubatizo anaulizwa yeye. Padre atamtazama, atamwuliza anamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, na ajibu kwa kinywa chake, "Ninasadiki." Halafu anaahidi kumlea mtoto katika hilo. Nimesoma mbele ya watu miezi hii yote, lakini yale ni maneno ya kitabu. Hili lingekuwa neno langu, kwa mtoto niliyemshika akiwa hana rangi. Nikaona siwezi. Si ujasiri, Baba, usije ukanisifu. Sikuweza tu, kama mtu asiyeweza kumeza.

Jana asubuhi nikamwambia mama. Tulikuwa uani tunapukuchua njegere za kuteremsha sokoni. Nikamwambia moja kwa moja, maana kwa kuzunguka nisingefika. "Mama, mimi siamini tena. Kesho siwezi kusimama na mtoto."

Akaendelea na njegere. Akapukuchua kama maganda matano, sita. Akasema, "Umechoka na masomo."

"Sijachoka, mama."

"Tangu lini?"

"Kabla baba hajafariki."

"Na kusalisha kote huko?"

"Nilikuwa nasoma tu."

Akaweka ungo chini. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Sasa baba yako nani atamwombea?"

"Wewe upo, mama."

"Na mimi nikifa?"

Mimi ndiye mtoto wake pekee. Akabeba ungo akaingia ndani, na mpaka usiku hatukusema zaidi ya "chumvi ipo wapi" na "funga mlango".

Leo asubuhi nikaamka kuvaa. Nilikuwa nimeamua nitakwenda mwenyewe kumwambia Stela, kisha padre, basi, liwalo na liwe. Mama akasimama mlangoni amevaa kile kitenge cha sare. Akasema, "Wewe leo hutoki. Lala." Nikadhani ni aibu, hataki nionekane. Nikalala. Nilisikia kengele, nikasikia wimbo wa kuingia, wote walianza juu sana kwa sababu sikuwepo kuwaanzishia. Nikakaa natazama bati.

Misa ilipokwisha wakaanza kuja. Stela na mtoto, mama mkwe wake, akina mama wa jumuiya, wamebeba chai ya mchaichai, tangawizi, ndimu. Pole, mtoto wa Mwalimu. Pole sana, shetani hapendi mambo mazuri. Kumbe mama alikuwa amemfuata padre kabla ya misa, mbele ya watu, akasema binti yangu ameamka na homa, ametapika usiku kucha, hawezi hata kusimama, na kwa ruhusa yako, padre, nitasimama mimi. Ametia na chumvi! Mama yangu, ambaye hata bei ya kabichi hawezi kuidanganya, mteja akiuliza ni za lini anasema za juzi. Yeye ndiye aliyemshika Klementina. Yeye ndiye aliyejibu "Ninasadiki," na Stela anasema alijibu kwa sauti mpaka mtoto akashtuka.

Nikasema, "Afadhali." Nikanywa chai ya ugonjwa.

Halafu Stela akaniinamia, akasema polepole wengine wasisikie, "Ila mama yako mbona hakukomunika? Tulipanga mstari wa komunyo wote, yeye kakaa na mtoto kwenye benchi. Nimemwuliza, kasema alisahau mfungo, kanywa chai asubuhi."

Mama hajanywa chai, Baba. Jiko halikuwashwa kabisa leo. Unajua tangu lini padre hajaja huku? Tangu mvua. Miezi yote hii mama amekuwa akihesabu Jumapili kwa vidole, anasema, bado nne, bado tatu. Alikuwa ameshaungama kwa padre asubuhi na mapema, kabla hajamfuata tena na habari ya homa yangu. Alikuwa safi. Halafu akasimama pale akasema uongo, akajiona hastahili tena kupokea, na kwa kuwa yeye anaamini, uongo wake una uzito ambao wangu usingekuwa nao. Mimi ningesema "Ninasadiki" na nisingepoteza kitu. Nilikataa kusema uongo kanisani, nikajiona mkweli. Ikabidi usemwe na mtu ambaye kwake una bei, na ameulipa leo leo.

Mara akaingia mwenyewe. Akina mama wakampisha. Akakaa ukingoni mwa kitanda, hakunitazama machoni, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Paji la baridi kabisa. Kiganja kilikuwa kinanukia mafuta ya krisma kutoka utosini mwa mtoto. Akakiacha hapo, wote wanatazama, wanasubiri.

"Bado la moto," akasema.

Wakasema pole. Wakaanza kutoka mmoja mmoja.

Sasa yuko uani, namsikia anamchinjia padre yule jogoo. Miaka miwili na zaidi sikusikia kitu, Baba, si kaburini kwako, si kwa Stela. Leo naona aibu. Naiona mpaka kwenye meno. Ningependa iwe ni huzuni, au toba, ungefurahi. Ni aibu tu, na nitakwenda nayo Mbeya.

Sikuombei. Ningekudanganya nikisema nakuombea, na uongo wa nyumba hii kwa leo umetosha. Nakukumbuka, hilo tu ndilo ninaloliweza. Lala salama.

Mwanao wa pekee