Kaunta Yako Imewekewa Kioo

Dada Stumai,

Shikamoo. Najua hukupenda nikuamkie. "Unanizeesha, Festo," ulikuwa ukisema. Leo nivumilie, kwa sababu nikishakuamkia nataka kulalamika, na sina mwingine wa kumlalamikia. Mama nikimweleza ya dukani ananijibu nishukuru nina kazi, wenzangu wenye diploma kama yangu wanauza vocha. Ni kweli. Lakini nimechoka, dada, na ninaogopa. Leo Jumapili nimetoka kanisani nikashindwa hata kula.

Kaunta yako imewekewa kioo. Kioo kizima, huku mpaka kule, na kitundu cha kuongelea kama pale wanapokata tiketi za basi. Meneja mpya ni shemeji yake mwenye duka. Alikuja baada ya sisi kukuzika Matogoro. Anasema duka la kisasa halina watu wa kuegemea kaunta. Kile kiti ulichowawekea wazee kiko stoo, kimebeba maboksi. Mteja anainama kitunduni anaulizwa, "Tatizo?" Basi. Hakuna karibu, hakuna pole na safari.

Sasa nani hapa kwetu anaanza na tatizo? Mtu hata akiwa na mgonjwa ndani, ukimuuliza habari atakwambia nzuri kwanza. Ulikuwa ukinigusa kiwiko nikitaka kumkatisha mteja: "Tulia, bado hajafika." Nilidhani unapenda soga tu. Sasa wanakatishwa wote. Mtu anasema, "Za hapa?" anajibiwa, "Anayefuata!"

Na ile desturi yako ya kuwasha? Imekufa. Hukuruhusu kompyuta itoke mlangoni kabla haijawashwa juu ya kaunta kwa chaja yake yenyewe, na mnunuzi aandike jina lake kwa vidole vyake. Unamkumbuka yule mama wa mchele? Aliandika jina la mumewe, akalitazama, akalifuta, akaweka lake. Ulicheka mpaka ukatafuta leso.

Meneja anasema huko ni kupoteza muda. Kompyuta zimetolewa kwenye maboksi, zimepangwa ukutani zipendeze, na chaja zote zimetupwa kwenye kapu moja. Mteja akilipa, mkono unaingia kapuni unatoka na chaja yoyote. Nilithubutu kusema, kwa sauti ndogo, kwamba hazifanani nguvu. "Kwani haziingii kwenye tundu?" Zinaingia, dada. Hilo ndilo balaa lenyewe.

Ijumaa alikuja Mzee Saidi, mkulima wa korosho wa Namasakata. Safari yote ile ya Tunduru mpaka Songea, kompyuta imeviringishwa kwenye kanga. Aliinunua kwetu baada yako, kwa ajili ya binti yake anayesomea ualimu.

"Asalaam aleikum, wanangu."

"Tatizo?" meneja akauliza.

"Alhamdulillah, sisi wazima. Sijui ninyi hapa?"

"Mzee, kama huna tatizo wapishe wenye matatizo."

Na mzee akapisha, dada! Akasogea pembeni na kanga yake kifuani, kijana aliyekuwa nyuma yake anacheka. Nilitamani kupasua kile kioo. Foleni ilipoisha akarudi, na kwa kuwa alikuwa ameondoka na kurudi, akasalimia upya. Meneja akashusha pumzi kama mtu aliyebebeshwa gunia la mahindi. Ndipo mzee akaeleza: siku za mwanzo iliwaka vizuri, sasa imezima kabisa, na binti asipokabidhi kazi yake ya mwisho chuoni atarudia mwaka.

Meneja hakuigusa. Aliitazama kupitia kioo, akasema, "Imeingia maji. Waranti haihusu maji."

"Maji?" mzee akasema. "Kwetu maji ya kunywa tunayafuata mbali, nitapata wapi ya kuiogesha kompyuta?"

Watu walicheka, meneja hakucheka. Akanigeukia: "Festo, mweleze mzee imeingia maji. Mweleze aelewe."

Mkataba wangu bado ni wa majaribio. Yeye ndiye anayeamua nibaki au niondoke, na kodi ya nyumba tunayokaa na Mama inatoka mfukoni mwangu. Nikapita mlango wa pembeni, nikatoka nyuma ya kioo, nikasimama na mzee. "Shikamoo, babu. Pole na safari. Za Namasakata?" Tukaenda nazo zote, za mvua, za mikorosho, za bibi nyumbani. Kisha akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba chaja hushika moto, ila kompyuta haioneshi hata dalili kwamba imechomekwa.

Nikaenda kapuni nikatafuta inayolingana nayo. Nikachomeka. Taa ikawaka.

"Babu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, "haijaingia maji. Tulikupa chaja isiyo yake; siku zile iliwaka kwa chaji iliyotoka nayo dukani. Kosa ni letu, utusamehe."

Mzee hakulaumu. Aliinama kitunduni akamwambia meneja kwa upole, "Bwana mkubwa, maji yamekauka."

Niliitwa ofisini. Eti nimemdhalilisha mbele ya wateja, maneno "kosa ni letu" yasisikike tena dukani. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, mpaka nikamkumbuka muuguzi mmoja wa Lizaboni. Naye alileta kompyuta iliyozimika vilevile, naye meneja akamwambia maji. Yule mama akasema, "Basi ni mwanangu. Ananificha. Leo atanitambua." Akaondoka.

Nikaomba ruhusa nimpigie simu. Meneja akasema, "Mpigie. Lakini Jumatatu usije."

Ungekuwapo ungemjibu wewe, na angekusikiliza. Mimi nilitoka nikaendelea kufuta vumbi kwenye kompyuta za ukutani. Tangu Ijumaa namfikiria yule mtoto anayeambiwa aseme ukweli, na ukweli ameshausema.

Nimemwambia Mama. Hakusema nishukuru nina kazi. Ameniuliza tu kama najua nyumba ya huyo muuguzi. Naijua, ni jirani na mashine ya kusaga.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, nikiajiriwa popote, hata kuuza vocha, kitu hakitatoka mkononi mwangu kabla hakijawashwa mbele ya mwenyewe. Sasa navaa viatu niende Lizaboni. Nikifika nitaomba mtoto aitwe naye, asikie kwa masikio yake.

Mdogo wako,
Festo